Vaia anayeihamisha mioyo ya Kalolivado kutoka kwenye maboksi

Saa moja asubuhi, theluji ya jana imeshageuka tope mbele ya hospitali ya Kalolivado, mji mdogo katika milima ya Ipiro, Ugiriki. Vaia Tsoumani anakung'uta viatu mlangoni, anamsalimu mlinzi, kisha anashuka ngazi hadi kwenye chumba kilicho jirani na tanuri la kupasha jengo joto. Hata koti hajavua, anawasha kompyuta. Huwa inachukua muda kuamka, naye anautumia muda huo kuchemsha kahawa kwenye kibirika cha shaba.

Halafu anafungua boksi na kuchomoa bunda la karatasi za rangi ya waridi, zilizokunjwa mkunjo juu ya mkunjo. Anazisogeza puani.

"Hizi zilikaa jirani na vitunguu," anasema. "Wauguzi wa zamani walikuwa na mambo yao."

Kila karatasi ni moyo wa mtu. Mgonjwa alilazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani, na mashine ikachora mstari mweusi unaopanda na kushuka kufuata umeme wa moyo wake. Kwa miaka mingi mistari hiyo ilikunjwa, ikabanwa pini, ikasukumwa kwenye maboksi. Kazi ya Vaia ni kuitoa huko na kuiingiza kwenye kompyuta, ili daktari aliye ghorofa ya juu auone moyo wa mtu bila kumtuma mtu ngazini.

Ukiisikia kazi hiyo unaweza kudhani ni ya kubonyeza vitufe tu. Mwandishi wa habari hii naye alidhani hivyo, hadi alipopewa kisu cha siagi na kuambiwa atoe pini zilizoshika kutu. Karatasi ya kwanza ilichanika.

"Wewe andika tu," Vaia alimwambia, akakichukua kisu chake.

Karatasi hizi zilichapwa kwa joto, kama risiti za dukani, na kama risiti, hupauka. Zipo ambazo mstari umebaki kivuli tu, na Vaia huziinamisha dirishani, akajaribu kuziskani kwa mwanga huu na ule mpaka mapigo yatokeze. Zilizogandishwa kwa gundi zimebaki na doa la kahawia mahali pa gundi. Doa likiangukia kwenye mstari, basi hapo moyo una pengo ambalo hakuna wa kuliziba.

Balaa kubwa zaidi ni zile ambazo watu walikwenda nazo nyumbani. Huku milimani mtu hapendi kuiachia serikali moyo wake. Akipewa karatasi huikunja na kuichomeka nyuma ya picha ya mtakatifu, kwenye kona ambapo taa ya mafuta haizimwi, ili Bikira Maria naye aitupie jicho. Joto la taa hufanya kazi yake polepole. Miaka ikipita, karatasi inakuwa nyeusi tititi.

Juzi alikuja bibi mmoja kutoka vijiji vya juu akiwa na karatasi ya namna hiyo, ameifunga kwenye leso.

"Iingize na hii, mwanangu," alisema.

"Bibi, hii imeungua. Hakuna kitu hapa."

"Haijaungua. Imeombewa miaka kumi na miwili."

"Imeombewa mpaka ikaiva," Vaia akamjibu.

Bibi alicheka hadi akatafuta kiti. Vaia aliiskani hivyo hivyo, kwa heshima. Leo kwenye mfumo wa hospitali kuna picha moja nyeusi kabisa, yenye jina la mwenyewe, na daktari wa moyo akiikuta hutikisa kichwa na kupita.

Vaia ana miaka hamsini na saba. Wazazi wake walikuwa wachungaji wa kondoo, wa wale walioteremkia tambarare majira ya baridi na kupanda tena milimani majani yalipochipua. Aliingia hospitalini akiwa msichana wa kupiga deki. Baadaye akahamishiwa masijala kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, "nilikuwa najua nani ni mtoto wa nani." Mumewe, Thymios, ni fundi wa kujenga kwa mawe na hufanya kazi theluji inapompa ruhusa. Mshahara wa Vaia haufiki yuro elfu moja, na ikifika Oktoba fungu nono la huo huo huishia kwenye kuni.

Mfumo mpya ulipoletwa, wenzake wawili wa masijala waliomba kustaafu wiki ileile. Vaia akabaki peke yake na skana, maboksi, na kijana wa kampuni aliyemfundisha kwa asubuhi moja kisha akaondoka na basi la saa sita.

"Waliniachia kompyuta kama unavyoachiwa mbwa wa jirani aliyesafiri," anasema. "Mwezi wa kwanza nilikuwa naongea nayo kwa adabu. Mwezi wa pili nikaanza kuitukana. Wa tatu tukazoeana."

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo kompyuta na watu wa Kalolivado hawakuelewana, na nusura jambo hilo limtoe mtu roho.

Huku, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Halina mjadala. Mke atakayetaka jina alilolisikia kwenye televisheni ajiandae kununiwa na ukoo mzima hadi Pasaka. Hivyo Zisis humzaa Fotis, Fotis humzaa Zisis, na huyo Zisis akioa, kila mtu anajua nani anakuja. Na kwa kuwa ofisini mtu huandikwa jina lake, ukoo wake na jina la baba yake, basi babu na mjukuu kwenye karatasi ni mtu mmoja. Kuna Zisis Goulas wa Fotis, na kuna Zisis Goulas wa Fotis.

Masijala ya zamani haikuona taabu. Mtu alikuja dirishani akaomba faili la Zisis Goulas, Vaia akauliza, "Mzee au kijana?" na mambo yakaisha. Kompyuta haijui kuuliza mzee au kijana. Yenyewe huuliza swali moja tu: majina yanafanana, niyaunganishe?

Vaia alibonyeza ndiyo.

"Ungebonyeza nini wewe?" anauliza, na si kwa ukali. "Mzee Zisis alikuwa mgonjwa wa moyo, hata mbuzi wake walijua. Kijana alikuwa mzima kama chuma. Inakuja karatasi ya moyo yenye jina lile, haina mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu wauguzi wetu hawakuwa wanajisumbua kuujaza. Ni ya nani kama si ya mzee? Tena nilikuwa nafukuzana na maboksi. Wizara ilitaka yote yawe yameingia kabla ya Krismasi."

Haraka haraka haina baraka, na hilo Vaia hakuhitaji kukumbushwa na mtu. Karatasi zikishaingizwa, maboksi hufungwa na kupakiwa kwenye lori kwenda kwenye ghala la mkoa huko Ioannina. Zile za ukoo wa Goulas ziliondoka na lori la Novemba. Kuanzia hapo, kilichokuwa kwenye kompyuta ndicho kilichokuwepo.

Februari iliyofuata theluji ilifunga barabara ya Ioannina, iliko hospitali kubwa. Helikopta ya kubeba wagonjwa haikuweza kuruka. Adhuhuri moja Zisis Goulas, yule kijana, ambaye sasa ana miaka thelathini na tisa na ni dereva wa gari la kusukuma theluji, aliliacha gari lake likiunguruma barabarani akaingia hospitalini kwa miguu. Mkono ulikuwa kifuani na uso umekuwa rangi ya majivu.

Areti, muuguzi wa zamu, alimbandika nyaya. Mashine ikatoa karatasi, na Dkt. Kleanthis Bekas, daktari wa moyo pekee hospitalini hapo, akaisoma akiwa amesimama. Mstari ulikuwa umeinuka mahali ambapo kwa watu wengi hulala. Mara nyingi mwinuko wa namna hiyo maana yake ni kwamba mshipa wa moyo umeziba na nyama ya moyo inakufa. Lakini wapo watu ambao mstari wao uko hivyo tangu utotoni, na hawana tatizo lolote.

"Umewahi kupimwa moyo?" daktari alimuuliza.

"Hapa hapa, Daktari. Nilipokuwa naomba leseni ya lile dude la theluji. Zamani kidogo."

"Walikwambia nini?"

"Walinipa leseni," Zisis akajibu, kisha akatapika.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilikuwepo kabatini. Ila mwezi mmoja tu kabla ya hapo Zisis alikuwa amelazwa kwa vidonda vya tumbo vilivyovuja damu. Dkt. Bekas, ambaye si mtu wa maneno mengi, anaeleza hesabu aliyokuwa nayo kichwani.

"Nikimpa dawa, na kumbe mshipa haukuziba, tumbo linafunguka, anavuja damu mpaka anaisha, na barabara imefungwa. Nisipompa, na kumbe umeziba, moyo unakufa mbele yangu. Nilihitaji kitu kimoja tu, kuuona moyo wake ulivyokuwa siku aliyokuwa mzima."

Akafungua kompyuta, akaandika jina. Likatokea faili moja tu lenye vipimo vya moyo, na juu yake neno *marehemu*. Akainua simu na kupiga chini.

"Bi Vaia, mimi huku napata Zisis Goulas aliyekufa. Mwenyewe yuko hai mbele yangu, ametapikia viatu vyangu. Karatasi yake iko wapi?"

Vaia akatafuta kwa jina, akatafuta kwa ukoo, akatafuta kwa namba ya bima ya kijana. Namba ilileta faili lenye vidonda vya tumbo na jino lililong'olewa. Moyo haukuwemo.

"Nikatafuta tena tangu mwanzo," anakumbuka. "Nilijua aliwahi kupimwa, maana leseni ile hawakupi bila kipimo. Nilijua karatasi haiko hapa chini, niliyapakia maboksi mwenyewe. Nikajiambia, Vaia, umempoteza mtu."

Alipanda ngazi akikimbia, jambo ambalo mlinzi anasema hakuwahi kuliona. Ukumbini, kwenye benchi, alikuwa ameketi Stamatia, mama yake Zisis, bado amevaa aproni yenye unga. Jirani alikuwa amempigia simu akiwa anakanda pai.

Dkt. Bekas alitoka chumbani. Mkononi alikuwa na karatasi mpya.

"Imepatikana?"

"Bado, Daktari."

"Dakika chache, Bi Vaia. Areti anaandaa dawa. Sipendi kuitoa, lakini siwezi kukaa nimekunja mikono."

Vaia akapiga magoti mbele ya benchi. Alitaka mwaka tu. Akiupata mwaka, angeweza kuwapigia watu wa ghala wamtafutie boksi.

"Stamatia, dada yangu, nisikilize. Zisis alipimwa moyo lini, ile ya leseni?"

"Mimi nitajuaje? Mwanangu anakufa?"

"Hafi. Lini?"

"Majira yale tuliyomzika baba mkwe." Stamatia alikuwa akijifuta mikono kwenye aproni, unga ukadondoka. "Nakumbuka nilikuwa na nguo nyeusi mpya, za sufu, zinawasha. Nikamwambia Zisis usiende hospitali ile, mlango wake haujapoa, babu yako katolewa pale juzi. Akaenda. Lini amenisikiliza mtoto yule?"

"Kabla ya arobaini au baada?"

"Baada. Ngano ya arobaini tulishaila. Wewe mwenyewe ulikuja, ukasema imezidi sukari."

Vaia alikuwa amekuja kweli. Alikumbuka ngano ile iliyochemshwa kwa ajili ya marehemu, na baridi ya kanisani, na mzee Zisis ambaye wakati huo alikuwa na siku arobaini ardhini. Akanyanyuka. Hakukimbilia tena simu ya ghala. Alikwenda kwenye meza ya wauguzi, akamsogeza Areti pembeni kwa kiwiko, akalifungua faili ambalo daktari alikuwa amelifunga, faili la marehemu.

Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Vipimo vya mzee vilijipanga kwenye skrini mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka ya moyo uliochoka. Vaia akateremka hadi cha mwisho. Kilikuwa kimepimwa wiki kadhaa baada ya mazishi.

"Daktari," aliita, "njoo. Mfu hapimwi moyo."

Kwenye ukingo wa karatasi ile kulikuwa na neno moja la kalamu ambalo muuguzi fulani alilikwaruza bila kufikiri: *leseni*. Na katikati ulikuwepo mstari, ukiinuka mahali palepale, kwa kimo kilekile, na kishimo kilekile upande wa kulia. Dkt. Bekas aliishika karatasi mpya kando ya skrini. Aliangalia huku, akaangalia kule. Areti anasema alimwona akishusha mabega, na hapo naye akajua.

"Huu ndio moyo wake," daktari alisema. "Aliletwa nao duniani. Areti, rudisha dawa kabatini. Mpe ya tumbo, na baada ya saa chache tutampima damu tena."

Damu ilipimwa, ikapimwa tena jioni. Moyo haukuwa na jeraha lolote. Vidonda vya tumbo ndivyo vilivyoamka, kwa msaada wa usiku mzima wa kusukuma theluji kwa kahawa tupu na sigara. Ile dawa ya kuyeyusha damu, kama angepewa, ingelikuta tumbo hilo.

Vaia hakubaki kusikia majibu ya damu. Alirudi chini, akafunga mlango, akalia huku tanuri likinguruma ukutani. Alilia kwa kuogopa, anasema, halafu akalia kwa kushukuru, na hakuweza kujua kimoja kiliishia wapi na kingine kikaanzia wapi. Alipomaliza alinawa uso na kupanda kwenda kumwambia daktari kwamba kosa lilikuwa lake. Njiani alikuwa ameshaandaa barua ya kuacha kazi kichwani, na salamu za mwisho.

"Nilimwambia, Daktari, aliyewaunganisha ni mimi. Akaniangalia. Akasema, 'Nilikuomba karatasi, umeniletea karatasi. Sasa tuambizane, umewaunganisha wangapi wengine?' Hapo ndipo niliposhikwa na baridi ya kweli."

Zisis mwenyewe alipohadithiwa, siku aliyoruhusiwa, alicheka akishika tumbo.

"Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa marehemu?"

"Kwenye kompyuta tu," Vaia akamwambia.

"Ndiyo maana babu hanitokei ndotoni. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja."

"Nyamaza wewe. Na kuanzia leo uwe unakula kabla ya kuwasha lile dude."

"Sawa, mama. Umekuwa kama Stamatia. Sasa nina wawili."

Kuteleza si kuanguka, wasema wahenga, lakini anayeteleza hupaswa kuangalia alipokanyaga. Vaia na Dkt. Bekas walikaa jioni kadhaa wakitafuta swali ambalo lingewatenganisha babu na wajukuu wa bonde zima. Mwaka wa kuzaliwa haukutosha, kwa sababu karatasi nyingi za zamani hazina, na wazee wengine hutaja mwaka unaowapendeza. Aliyepata jibu ni Areti, aliyekuwa akila pai yake pembeni. Akasema, waulizeni mama zao ni nani. Babu na mjukuu wanaweza kuwa na jina moja, ukoo mmoja na baba wa jina moja. Mama mmoja hawana.

Sasa kila anayekuja kupimwa moyo Kalolivado huulizwa jina la mama yake, na linaandikwa. Si kila mtu alilipokea vizuri. Mzee mmoja wa vijiji vya juu aligonga fimbo sakafuni akitaka kujua tangu lini hospitali inamtilia shaka baba yake.

"Hatumtilii shaka baba yako, mzee wangu," Vaia alimwambia. "Tunamtilia shaka babu yako, maana amekaa kwenye faili lako."

Kwa karatasi za zamani, dawa ni kutembea. Jumapili baada ya ibada Vaia hupanda vijiji, Thymios akiendesha gari na kulalamika kuhusu matairi. Huketi na wanawake kwenye kahawa na kuwauliza nani alizaliwa na nani, nani aliolewa kutoka wapi, nani alizikwa msimu gani. Wanawake wa Ipiro wana kumbukumbu ambazo hakuna mashine itakayozimaliza, nao huzitoa kwa raha, na pai juu yake. Hadi sasa Vaia ameshawatenganisha babu na wajukuu sitini na kitu. Mmoja wa wajukuu hao alikuwa amelala bure kwenye faili la marehemu kama Zisis. Wengine walikuwa wamebebeshwa magonjwa ya babu zao.

"Kuna fundi bomba mmoja alikuwa anakataliwa kazi kwa sababu ya moyo wa babu yake," anasema, na uso wote unafunguka. "Nilipompigia simu kumwambia moyo mbovu si wake, alinyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anamwita mkewe asikie."

Usiku sasa analala, anasema. Miezi ile ya kwanza alikuwa akiwaota watu wamesimama dirishani, wote wana jina moja, wote wanaomba faili. Sasa hawaji.

Maboksi yaliyobaki yanafika kifuani kwake. Anakusudia kuyamaliza kabla hajastaafu, na akimaliza ana ombi lingine, ambalo ameshalipeleka kwa mkurugenzi: kila mtu wa bonde apimwe moyo angalau mara moja akiwa mzima, siku ambayo hana maumivu yoyote, na karatasi hiyo ihifadhiwe chini ya jina la mama yake.

"Moyo wa mtu akiwa mgonjwa kila daktari atautazama," anasema. "Wa mtu akiwa mzima ndio hatukuwa nao. Zisis aliokolewa na siku ambayo hakuwa anaumwa."

Hapo Areti, aliyeshuka kuomba kahawa, anamuuliza swali ambalo ni wazi ameshamuuliza mara nyingi.

"Na wako uko wapi, Bi Vaia?"

Hauko. Mwanamke aliyeiingiza mioyo ya bonde zima kwenye kompyuta hajawahi kupimwa moyo hata siku moja. Kila akikaribishwa huwa na boksi la kumalizia.

"Leo panda," Areti anasema. "Mbele ya mwandishi wa habari. Ukikataa ataandika."

Vaia anaangalia maboksi, anaangalia mlango. Kisha anavua miwani, anapiga moyo konde, anapanda.

Kitandani anakuwa mdogo kuliko anavyoonekana akiwa na kisu chake cha siagi. Areti anambandika nyaya na kumwambia asipumue kama anayekimbiza kondoo. Mashine inaguna, karatasi ya waridi inatoka taratibu, na Vaia, ambaye anaweza kusoma doa la gundi kutoka hatua tatu, anageuzia uso ukutani hadi Dkt. Bekas anapoinyanyua.

"Mzuri," daktari anasema. "Wa kawaida kabisa. Hauna hata cha kuzungumzia."

Vaia anashusha pumzi ndefu, anacheka kidogo, anatafuta kitambaa. Areti amekwishaketi kwenye kompyuta. Anaandika jina, ukoo, jina la baba. Halafu anauliza kama anavyowauliza wote.

"Jina la mama?"

Vaia anakikunja kitambaa mkononi. Mama yake alifariki malishoni akiwa na miaka arobaini na nne, mkono kifuani, akisema ni uchovu wa kusukasuka maziwa na utapita. Huko juu hakukuwa na mashine, na hakuna aliyefikiria kumteremsha. Vaia alikuwa binti mdogo. Miaka yote ya masijala, katika kila boksi alilolifungua, alikuwa akimtafuta, hata kwa kipimo cha mkojo, hata kwa jino. Hakumpata popote.

"Anthoula," anasema.

Areti anaanza kuandika. Vaia anainuka na nyaya zake kifuani, anasogea hadi kwenye skrini, anasimama nyuma yake mpaka herufi ya mwisho iingie.